Modemu kugoma baada ya kompyuta kubadilishiwa mfumo: Mnunuzi wa Bariadi afanye nini?

BARIADI — Wanunuzi wa mazao wa mjini hapa na wa wilaya za Itilima, Maswa, Meatu na Busega ambao bado wanategemea modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta wanashauriwa kuikagua mapema, kabla ya siku ya mnada, hasa iwapo kompyuta imehamishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11.

Uhamaji huo una sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Mfanyabiashara anayelipa kodi, kufungua akaunti ya benki na kutuma maagizo ya hisa kwa dalali wake Dar es Salaam kwa kompyuta hiyo hiyo ana haki ya kuhofu. Wengi wamewaita mafundi, mfumo ukabadilishwa, na kila kitu kikaonekana safi hadi modemu ilipochomekwa.

Kwa mkoa wa Simiyu hasara yake si ndogo. Katika msimu wa mwaka 2024 dengu na choroko za mkoa huu ziliuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, kwa minada ya mtandao inayoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Katika utaratibu huo mnunuzi hutuma bei yake kwa kompyuta au simu, na muda ukifungwa umefungwa. Aliye gizani hana bei, na asiye na bei hana mzigo.

MODEMU INA SURA MBILI

Ili kuelewa tatizo, yafaa kujua jinsi modemu hizi zilivyotengenezwa. Modemu nyingi za Huawei na ZTE zilizouzwa na kampuni za simu nchini zina sura mbili ndani ya kifaa kimoja. Zikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kama sidii yenye programu ya kuunganishia. Programu hiyo ikishawekwa, kompyuta huipa modemu amri ya kugeuka, nayo huacha kuwa sidii na kuwa modemu kamili.

Mfumo wa kompyuta unapobadilishwa, programu ile ya zamani aghalabu huondolewa, huharibika au huzuiwa. Amri ya kugeuka haitumwi tena. Modemu inawaka taa, kompyuta inaiona, lakini inaiona kama sidii tu. Hapo ndipo mwenye mali hudhani kifaa kimekufa, akatoa fedha kununua kingine.

Sababu ya pili ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Windows 11 hutolewa kwa kompyuta za biti 64 pekee. Draiva iliyoandikwa kwa mashine za zamani za biti 32 haifanyi kazi humo hata kidogo. Aidha, Windows 11 ina ulinzi uitwao "Memory integrity" ambao, ukiwa umewashwa, hukataa baadhi ya draiva za miaka mingi iliyopita.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, ondoa mashaka ya laini. Itoe kwenye modemu, iweke kwenye simu, na uhakikishe ina kifurushi na inafungua intaneti. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa, na zile za modemu zilikuwa rahisi kusahauliwa.

Pili, fungua orodha ya vifaa, "Device Manager". Modemu ikionekana pamoja na alama ya njano, tatizo ni draiva. Ikionekana kama sidii tu, tatizo ni ile amri ya kugeuka. Isipoonekana kabisa, jaribu tundu jingine la USB, na uache kutumia waya mrefu wa kuunganishia, kwani waya wa namna hiyo hupunguza umeme unaoifikia modemu.

Tatu, futa kabisa programu ya zamani ya modemu, zima kompyuta na kuiwasha upya, kisha chomeka modemu na uweke programu iliyomo ndani yake. Ikikataa, tafuta toleo jipya zaidi kutoka kwa kampuni ya simu au mtengenezaji. Kupakua programu bila intaneti ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotumbukia kisimani, hivyo tumia simu ya mkononi: iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa chaji na uruhusu igawe intaneti.

Nne, iwapo kompyuta inaiona modemu lakini programu haifunguki, programu hiyo si ya lazima. Windows yenyewe yaweza kupiga kwa njia ya "Dial-up". Namba ya kupiga kwa kawaida ni *99#, na nafasi za jina na neno la siri mara nyingi huachwa wazi. Kinachotakiwa ni jina la lango la mtandao, APN, ambalo huduma kwa wateja ya kampuni ya simu hulitaja. Mwenye modemu yenye nembo ya Tigo akumbuke kuwa kampuni hiyo ilibadili jina kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, hivyo athibitishe maelezo yake kabla ya kuyaandika.

Tano, zipo modemu za baadaye ambazo hazipigi namba yoyote. Hizo hujitambulisha kama kadi ya mtandao, na mipangilio yake hufunguliwa kwa kuandika anwani, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, kwenye programu ya kusomea tovuti. Hizi ndizo zinazosumbuliwa kidogo na mabadiliko ya mfumo.

Kwa wachache wanaotumia Linux, kazi ya kuigeuza modemu hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Mfumo ukishabadilishwa, hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza.

HASARA ILIYOJIFICHA

Modemu ikishakubali, lipo jambo la pili linalokula fedha. Mfumo mpya hupakua marekebisho yake wenyewe bila kuuliza, na kifurushi cha wiki chaweza kumalizika kabla ya mwenyewe kufungua ukurasa mmoja. Dawa yake ni kuutambulisha mtandao huo kama wa kulipia kwa kipimo, "Metered connection", katika mipangilio. Kompyuta basi huahirisha sehemu kubwa ya mizigo hiyo.

Aidha, zipo kompyuta zinazokata umeme wa matundu ya USB ili kuokoa betri, na mawasiliano hukatika kila baada ya dakika kadhaa. Ruhusa hiyo huondolewa katika orodha ile ile ya vifaa.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA?

Ama kwa modemu ya zamani inayokataliwa na "Memory integrity", mafundi wengine huzima ulinzi huo. Mashine ya michezo yaweza kuvumilia. Mashine yenye akaunti ya benki na fedha za ununuzi wa pamba isifanyiwe hivyo, kwani akiba ya modemu moja haifanani na hasara ya akaunti iliyoibwa. Kwa hali hiyo ni afadhali kuhamia kwenye kisambaza intaneti cha mfukoni kinachotumia Wi-Fi. Hicho hakihitaji draiva, hivyo mabadiliko ya mfumo hayakigusi.

Kwa ambao hawajabadili mfumo, ushauri ni huu: kazi hiyo isifanywe wiki ya mnada wala wakati msimu wa pamba umepamba moto. Programu ya modemu inakiliwe kwenye flashi, na jina la APN liandikwe kwenye daftari. Ikumbukwe pia kuwa Windows 11 huruhusu kurudi kwenye mfumo wa awali ndani ya siku 10 tu, alimradi kompyuta ilipandishwa bila kufutwa.

Kuipakia kompyuta kwenye basi kupitia Lamadi hadi kwa fundi wa Mwanza ni siku nzima ya biashara kupotea, na mara nyingi atakachofanya huko ni hatua ya tatu iliyotajwa hapo juu. Mwenye mzigo wa kununua na afanye jaribio moja siku mbili kabla: achomeke modemu, aingie kwenye mfumo wa mnada na kutoka. Na simu yenye kifurushi iwe pembeni, tayari kushika zamu.