Hewa Iliyomo Kwenye Kikombe cha Mchele

Kilo moja ya mchele ni vikombe vingapi? Mpishi mwenye kikombe cha mililita 250 atajibu vitano kasoro kidogo, naye atakuwa sahihi. Kilo hiyo huchukua nafasi ya lita 1.2 hivi. Lakini punje zenyewe, lau zingebanwa zikawa bonge moja, zingetosha kwenye lita 0.7 tu. Nusu lita inayobaki ni hewa.

Hewa hiyo ndiyo inayovuruga hesabu, kwa kuwa kiasi chake hutegemea umbo la punje, unyevu na namna zilivyomiminwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walijaza vyombo kwa pipi za M&M's, ambazo ni bapa, wakaona zinabanana zaidi kuliko gololi: pipi zilijaza karibu asilimia 68 ya nafasi, gololi asilimia 64. Mchele uliomiminwa taratibu huacha mianya mingi zaidi. Gonga kopo mezani mara chache, usawa wake utashuka mbele ya macho.

Biashara ya nafaka inalijua jambo hili siku nyingi. Marekani, busheli yenye ujazo wa lita 35 hivi huhesabiwa kuwa kilo 25.4 ikiwa ni ya mahindi, kilo 27.2 ikiwa ya ngano, na kilo 21.8 tu ikiwa ya shayiri. Kwa hesabu hiyohiyo, debe la lita 20 la mahindi, likipigwa mfuto, lina kilo 14 na ushei.

Likipigwa mfuto! Sokoni mambo huwa mengine, maana muuzaji hurundika kilima juu ya kopo, na ukubwa wa kilima hicho hufuata upana wa mdomo. Tuseme makopo mawili yana lita 2 kila moja, na mahindi yanasimama kwa mteremko wa nyuzi 27 hivi. Kopo jembamba, la kipenyo cha sentimita 14, litabeba kilima cha mililita 180. Lile fupi na pana, la sentimita 20, litabeba zaidi ya nusu lita. Mnunuzi anayeangalia urefu wa kopo anaangalia pasipofaa.

Unga ndio mkorofi kuliko vyote. Kikombe cha mililita 240 cha unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko hufika gramu 120. Kikichotwa moja kwa moja mfukoni na kushindiliwa, gramu 150. Kwa vikombe vinne vya maandazi, tofauti ni gramu 120, yaani kikombe kizima, na donge hukauka ingawa maji ni yaleyale. Hapa mizani haina mbadala.

Mchele una afadhali, mradi kikombe kisibadilike. Kile kidogo kinachouzwa pamoja na sufuria ya umeme ya wali ni cha mililita 180, kipimo cha Kijapani, na hubeba gramu 150 hivi. Mistari ya maji iliyochorwa ndani ya sufuria hufuata kikombe hicho. Anayetumia cha mililita 250 huweka mchele zaidi kwa karibu asilimia 40 juu ya maji yaleyale, na wali hutoka mgumu.

Njia rahisi ni kupeleka kikombe cha nyumbani dukani, kupimisha mchele wa mfuto kwenye mizani, kisha kuandika gramu zake ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Maharage na mtama vipimwe upya, kila kimoja kwa namba yake.