Dalali wa bure huweza kuwa ghali
Mzazi aliyeko Marekani anayetaka kununua opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi tarehe fulani, huanza kwa kulinganisha ada. Dalali mmoja hutoza senti 65 kwa mkataba, mwingine hatozi kitu. Lakini mkataba mmoja hubeba hisa 100: akizidishiwa bei senti 5 kwa kila hisa, dola 5 zimekwenda. Mwaka 2020 Robinhood, iliyojitangaza haitozi kamisheni, ilikubali kulipa dola milioni 65 bila kukiri kosa. Mamlaka ya masoko ilidai wateja wake walipata bei mbaya kuliko za madalali wengine. Kinga ni kuweka kwenye agizo kikomo cha bei. Karo ya mtoto isiguswe: muda ukiisha opsheni ikiwa haina thamani, pesa yote aliyoinunulia imepotea.