Miaka ya Magwanda Haijihesabu Yenyewe

Jumamosi moja alinijia kijana wa Mwanza, aliyetumikia jeshi la nchi kavu la Marekani miaka 4 na sasa ni fundi wa maabara katika hospitali ya serikali kuu ya nchi hiyo. Alikuwa na mwaka 1 na miezi 7 tangu aajiriwe. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni.

"Shikamoo mzee. Naomba uniangalizie karatasi hizi, ingawa nadhani mambo yako sawa. Miaka yangu ya jeshi wameshaihesabu."

"Marahaba. Umejuaje kama wameihesabu?"

Akachomoa SF-50, ile karatasi ambayo mtumishi wa serikali kuu ya Marekani hupewa anapoajiriwa, anapopandishwa cheo au anapohamishwa, akaweka kidole kwenye kisanduku namba 31. Tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa imerudishwa nyuma miaka 4 kamili kutoka siku aliyoanza kazi. Kwa mtu yeyote anayeitazama kwa haraka, huo ni ushahidi tosha kwamba serikali imekumbuka utumishi wake.

Imekumbuka kweli, lakini kwa likizo tu. Tarehe ya kisanduku 31 ndiyo inayoamua mtumishi ajipatie saa ngapi za likizo katika kila kipindi cha wiki 2: saa 4 kama utumishi wake haujafika miaka 3, saa 6 kuanzia miaka 3, na saa 8 akishatimiza 15. Kwa upande huo sheria humhesabia askari wa zamani miaka yake bila kumdai hata senti, ndiyo maana kijana wangu alianza na saa 6 tangu siku ya kwanza. Pensheni ina daftari lake. Katika daftari hilo miaka yake 4 ilikuwa sifuri, na ingeendelea kuwa sifuri hadi siku ya kustaafu kama asingeiomba na kuilipia.

Nimeona watu wakigundua jambo hili wakiwa wamebakiza mwezi mmoja kustaafu, na nimemwona mmoja aliyeligundua baada ya kuondoka kazini. Huyo wa mwisho hakuwa na la kufanya. Malipo hayo hufanywa mtu akiwa bado mtumishi. Ukishatoka kazini, mlango umefungwa. Afisa utumishi aliyempokea siku ya kwanza hakumwambia kitu, na yeye hakujua kwamba kuna la kuuliza. Ndiyo sababu naandika.

Na wenzetu wanaohusika wameongezeka. Kati ya 2009 na 2016 majeshi ya Marekani yalikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wasio na kadi ya kijani, mradi wana ujuzi wa tiba au wanajua lugha zinazohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wengine waliingia jeshini wakiwa na kadi ya kijani tayari. Walipata uraia kupitia utumishi wao, wakamaliza mkataba, na leo wako posta, viwanja vya ndege, hospitali za askari wa zamani, ofisi za kodi. Kazi hizo ziko chini ya mfumo wa kustaafu uitwao FERS, ulioanza tarehe 1 Januari 1987.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini aliyeitumikia nchi kwa jasho na hatari alipie tena miaka hiyo. Asili yake ni mwaka 1957, wanajeshi walipoanza kukatwa mchango wa Hifadhi ya Jamii kama raia wengine. Kuanzia hapo mwaka mmoja wa jeshi ukawa unamzalia mtu mafao mahali pawili: kwenye Hifadhi ya Jamii, alikochangia, na kwenye pensheni ya serikali, ambako hakuchangia. Bunge lilikuja kupitisha sheria mwaka 1982 ikiweka malipo kwa anayetaka miaka hiyo ihesabiwe. Kwa watumishi wa mfumo wa zamani, CSRS, kiwango ni asilimia 7 ya mshahara wa jeshi. FERS ilipokuja ikaweka asilimia 3. Ukishalipa, unapata kote kuwili: Hifadhi ya Jamii yako haipunguzwi kwa sababu umeinunua miaka ileile kwenye pensheni.

Asilimia 3 ya nini hasa? Ya mshahara wa msingi wa jeshi peke yake. Posho ya nyumba, posho ya chakula, malipo ya hatari, vyote havimo. (Waliotumikia mwaka 1999 na 2000 watakuta kiwango kimepanda kidogo kwa miaka hiyo miwili, 3.25 na 3.4.) Tena ni mshahara ule wa wakati ule, wa kuruta na koplo, si mshahara wa leo. Mtumishi aliyeajiriwa mara ya kwanza kuanzia 2014 anakatwa asilimia 4.4 ya mshahara wake wa uraiani kwa ajili ya pensheni hiyohiyo. Kwa hiyo miaka ya jeshi anauziwa kwa kiwango cha chini kuliko anachokatwa kila wiki 2, na kwa kipimo cha mshahara mdogo kuliko yote aliyowahi kupokea. Halafu siku ya kulipwa, miaka hiyo inapimwa kwa mshahara wake mkubwa kuliko yote. Mimi sijaona biashara nyingine halali yenye mizani ya namna hiyo.

Tuweke hesabu mezani. Pensheni ya FERS ni asilimia 1 ya wastani wa mshahara wa ile miaka 3 mfululizo uliyolipwa zaidi, mara idadi ya miaka ya utumishi. Tuseme mshahara wa msingi wa miaka 4 ya jeshi ulijumlisha dola 100,000. Kuinunua ni dola 3,000. Tuseme tena kwamba miaka mingi baadaye wastani wa mishahara yako mikubwa ni dola 80,000. Miaka ile 4 inakuongezea asilimia 4 ya fedha hiyo, yaani dola 3,200 kila mwaka, hadi kufa. Kabla hujamaliza mwaka wa kwanza wa kustaafu fedha yako imekwisha kurudi.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni, nayo naiona kubwa zaidi. Anayestaafu akiwa na umri wa miaka 62 au zaidi na utumishi wa miaka 20 au zaidi hupigiwa asilimia 1.1 badala ya 1, na kwa miaka yake yote. Chukua mtu wa mfano wetu mwenye miaka 16 ya uraiani, anayeondoka akiwa na 62. Bila miaka ya jeshi pensheni yake ni dola 12,800 kwa mwaka. Akiwa ameinunua, anakuwa na 20, kiwango kinapanda, na pensheni inakuwa dola 17,600. Tofauti ni dola 4,800 kila mwaka, dola 400 kila mwezi. Na mwenye miaka 20 akichoka mapema anaruhusiwa kuondoka akiwa na 60, ilhali mwenye 16 angesubiri 62 ndipo apate pensheni isiyokatwa.

Kitu kimoja hakinunuliki. Ili uwe na haki ya pensheni ya kawaida ya FERS lazima uwe na angalau miaka 5 ya utumishi wa uraiani. Miaka ya jeshi haiwezi kuijaza hiyo mitano, hata ingekuwa 10.

Sasa riba, maana ndiyo inayowafanya watu waliochelewa wakate tamaa bila sababu. Miaka 2 ya kwanza tangu uajiriwe chini ya FERS haina riba. Baada ya hapo riba inaanza kuhesabiwa, lakini huingizwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo anayemaliza deni kabla ya kutimiza miaka 3 kazini halipi riba yoyote. Kiwango chake hupangwa na Hazina kila mwaka, na riba huzaa riba. Hata hivyo, tuchukulie dola zetu 3,000 zikae miaka 15 kwa asilimia 3: zitafika kama dola 4,670. Kwa pensheni ya nyongeza ya dola 3,200 kwa mwaka, hata huyo aliyechelewa anarudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kuchelewa kunauma, ila kuacha kabisa kunauma zaidi.

Nirudi kwenye bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na DD-214, cheti cha kuachiwa jeshi, na hapa nataka msomaji atazame pamoja nami. Kisanduku namba 12 kinaonyesha siku aliyoingia, siku aliyotoka, na jumla ya utumishi wake. Kisanduku namba 24 kinasema alitoka kwa sifa gani, na neno linalotakiwa pale ni la heshima. Ila kijana alikuwa ameleta nakala fupi, ambayo sehemu hiyo ya chini imeondolewa. Iliyotakiwa ni ile iliyoandikwa Member-4 ukingoni. Alikuwa nayo, bahati njema, imekunjwa ndani ya Biblia ya mama yake kule Mwanza. Dada yake aliipiga picha jioni ileile, na nakala yenyewe ikafuata kwa barua.

Ukiwa na DD-214 kamili unajaza fomu RI 20-97, inayoiomba ofisi ya fedha ya jeshi lako itoe hesabu ya mshahara wa msingi kwa kila kipindi ulichotumikia. Kwa jeshi la nchi kavu, la anga, wanamaji na mariini, ofisi hiyo ni DFAS. Jibu likirudi, unajaza SF 3108, ombi la kulipia utumishi, na kuipeleka kwa afisa utumishi wako. Kitengo cha mishahara kitakuambia deni ni kiasi gani, nawe utachagua kulipa kwa mkupuo au kukatwa kidogo kidogo. Kipindi unachokilipia ni lazima ukimalize, kwa kuwa nusu ya deni haikupi nusu ya miaka. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, hakikisha imo kwenye jalada lako, kisha weka nakala nyumbani pamoja na cheti cha ndoa na hati ya nyumba. Watu huhama kutoka wizara moja kwenda nyingine, mifumo ya kompyuta hubadilishwa, na miaka 25 baadaye anayeshughulikia pensheni yako ataamini karatasi.

Aliyestaafu jeshini, yaani aliyemaliza miaka 20 na analipwa pensheni ya jeshi, hesabu yake ni tofauti kabisa. Kwa kawaida ili miaka hiyo ihesabiwe uraiani lazima aiachie pensheni ya jeshi, na mara nyingi hilo halina faida. Wanaosamehewa ni waliostaafishwa kwa ulemavu uliotokana na mapigano au zana za vita, na waliostaafu kupitia vikosi vya akiba. Hapa kuna mkanganyiko ambao umewaogopesha wengi bure: fidia ya ulemavu inayolipwa na VA, wizara ya askari wa zamani, si pensheni ya jeshi. Anayepokea fidia hiyo kwa goti lililoumia au masikio yaliyoharibiwa na milio haipotezi kwa kununua miaka yake. Nimeulizwa swali hili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala. Liulize kwa sauti.

Wa vikosi vya akiba na Walinzi wa Taifa wajue kwamba mazoezi ya mwisho wa wiki hayahesabiwi. Inahesabiwa miezi waliyokuwa kwenye utumishi wa muda wote wa serikali kuu, yakiwemo mafunzo ya mwanzo ya askari wa akiba. Anayefanya kazi kwa mkandarasi ndani ya kambi si mtumishi wa serikali kwa maana hii. Aliyeajiriwa na jimbo, kaunti au jiji ana mfuko wake wenye kanuni zake, akaulize huko. Na kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja: miaka uliyolitumikia jeshi la Tanzania, JWTZ, au la Kenya, KDF, hata iwe ya heshima kiasi gani, FERS haiihesabu. Sheria inatambua utumishi wa majeshi ya Marekani.

Mke au mume naye ayajue haya. Mtumishi akifariki akiwa bado kazini, mwenzi anayestahili pensheni ya urithi anaruhusiwa kulipia miaka ya jeshi ya marehemu, na pensheni yake itapanda. Katika siku zile za msiba hakuna anayekumbuka fomu, kwa hiyo afadhali mwenzi aonyeshwe bahasha ilipo mapema.

Jibu la DFAS lilimfikia kijana baada ya kama miezi 2. Mshahara wake wa msingi kwa miaka yote 4 ulikuwa dola 92,400, na deni dola 2,772. Tulihesabu pamoja: ilibaki miezi 15 kabla ya riba ya kwanza kuingia, sawa na mishahara 32. Akachagua kukatwa dola 90. Mshahara wa 31 atakatwa dola 72, na deni litakuwa limekwisha.