Vita ya 1998: mji kwa mmoja, pori kwa mwingine

Kasongo na Kabambare, wazee wakisema "wakati ya vita", kijana anauliza: vita gani? Mara nyingi ni ile ya 1998 mpaka 2003, iliyogawa inchi vipande vipande.

Ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Waasi wa RCD walisaidiwa na Rwanda, wale wa MLC na Uganda. Upande wa Rais Laurent-Désiré Kabila walikuja Zimbabwe, Angola, Namibia na Chad. Mwezi wa kumi Kindu ikaanguka, na kwenye ramani Maniema ikaandikwa ya RCD.

Lakini kwenye udongo haikuwa hivyo. Jeshi lenye ndege na silaha nzito linaweza kukamata mji na uwanja wa ndege. Kulinda kila njia ya miguu porini ni kazi ingine. Ndiyo maana RCD na Wanyarwanda walikaa Kasongo mjini, na Mai-Mai, waliopata silaha kutoka Kinshasa, wakashika vijiji vya kuzunguka. Mtu wa mjini akienda shambani alishukiwa kuwa Mai-Mai. Wa kijijini akija sokoni alishukiwa kuwa mpelelezi wa RCD. Mihogo ikabaki udongoni, chumvi ikawa ngumu kupata, na wanawake wakabakwa na wapiganaji wa pande zote.

Tena, mgeni anayekuja kusaidia kupigana ana hesabu yake. Rwanda na Uganda ziliingia pamoja, lakini Juni 2000 zilipigana zenyewe kwa zenyewe Kisangani, siku sita. Raia mamia walikufa pale, katika vita isiyokuwa yao.

Mkataba wa Pretoria wa 30 Julai 2002 uliondoa jeshi la Rwanda. Mwezi wa tisa askari wakaanza kurudi kwao. Lakini bunduki walizoachiwa Wakongomani hazikurudi, na RCD na Mai-Mai wakaendelea kupigana.

Sasa nani analipa? Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Juu ya Rwanda, mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kusikiliza kesi, kwa sababu Rwanda haikukubali mamlaka yake. Kasongo na Kabambare zilikuwa upande ule wa Rwanda.

Mlango unaobaki ni wa hapa kwetu: sheria ya 26 Desemba 2022, inayowapa haki ya fidia waliobakwa wakati wa vita na wahanga wa makosa makubwa, pamoja na mfuko wa serikali unaoitwa FONAREV. Ila fidia inahitaji ushuhuda, na wanaokumbuka majina ya waliokufa, kijiji na mwaka wanazeeka. Familia yenye mzee kama huyo imuulize leo, na iandike.