Moto Uendao na Moto Urudio: Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Motokaa ya Zamani

Katika lugha ya mafundi wa motokaa neno moto lina kazi nyingi. Waya wenye umeme husemwa kuwa una moto. Cheche ya plagi ni moto. Na gari likiungua, huo nao ni moto. Msikiaji hupambanua maana kwa mahali neno lilipotumiwa. Walakini katika gari kuukuu maana hizo zakaribiana mno, kwani moto wa kwanza ukipotea njia huweza kuuzaa ule wa tatu.

Mfano mwema ni Morris Minor, gari la Uingereza lililotokea mwaka 1948, ambalo yalitengenezwa zaidi ya milioni 1.6. Lilikuwa na fyuzi mbili tu, na waya uendao kwenye koili haukulindwa na hata moja. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, hapana fyuzi ya kuukata umeme: waya hupata joto, ganda lake huyeyuka, na moto huenea. Kwa hiyo fundi hufungua betri kwanza kabla ya kugusa nyaya. Hapa pana mtego. Katika mengi ya magari hayo ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Mtu akiirudisha betri kwa mazoea, redio au chombo kingine cha kisasa huweza kuharibika mara moja.

Baada ya hayo uchunguzi hufuata njia ya umeme tangu chanzo. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha volti 12.6 hivi, wakati wa kuliwasha gari haifai kushuka sana chini ya 10. Iwapo betri ni nzima lakini stata yazunguka kwa uvivu, hupimwa kati ya ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi na chuma cha injini, huku stata ikizunguka. Kipimo kikizidi nusu volti, kiungo fulani kina kutu au kimelegea. Injini hukalia mipira, nayo mipira haipitishi umeme; basi marejeo yote hutegemea mkanda mmoja wa waya.

Rangi za nyaya nazo ni lugha. Kahawia ni umeme utokao kwenye betri daima. Nyeupe ni ule unaopita swichi ya kuwashia. Kijani ni ule wa swichi uliokwisha pita fyuzi. Nyeusi ni marejeo. Vyombo vyote vya kijani vikizimika pamoja, hutazamwa fyuzi na vishikio vyake. Taa moja ikififia peke yake, hutazamwa weusi wake. Injini isipotoa cheche ingawa weupe una umeme, hutazamwa platini, ambazo pengo lake ni inchi 0.015 hivi.

Basi usemi wa mafundi, "hapana moto," wafaa kufikiriwa na watunga kamusi. Wataja kufika kwa umeme, wala hautaji kurudi kwake. Na katika chuma cha miaka mingi, marejeo ndiyo yaliwayo na kutu. Fundi aufuataye usemi huo peke yake hununua betri mpya, na gari husimama tena njiani. Apimaye pande zote mbili mara nyingi huhitaji msasa tu.