Papa na Chura: Yupi Huliwa na kwa Nini?



Familia moja ya Unguja iliyohamia Same imetuuliza: kila wakipika papa mkavu waliyeletewa kutoka nyumbani, watoto huambiwa na wenzao skuli kuwa papa ni najisi sawa na chura. Je, ni kweli?

JAWABU: Kwanza ifahamike maneno hayo yanatoka wapi. Wasabato wapo milima ya Upare tangu 1903, nao hufuata Walawi sura ya 11: cha majini kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Kwa kipimo hicho papa na chura huwa kundi moja. Sisi hatupimi kwa magamba.

Papa ni halali. Allah ametuhalalishia kinachovuliwa baharini (al-Maida: 96), na Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa hata mfu wa bahari ni halali. Wapo waliotia shaka kwa ajili ya meno yake, maana tumekatazwa mnyama mkali mwenye chonge. Lakini katazo hilo ni la wanyama wa nchi kavu, na vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimemtaja papa, qirsh kwa Kiarabu, kuwa analiwa. Wapo hata waliosema jina la Quraysh limetokana naye.

Chura ana hukumu nyengine. Tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, akakataza kumuua (Abu Daud). Kilichokatazwa kuuliwa hakiliwi, ijapokuwa Wamaliki wameruhusu. Wengi hufundishwa kuwa sababu ni kuishi kwake majini na nchi kavu. Imo vitabuni, lakini haienei kwa vyura wote. Huko huko Same, katika msitu wa Shengena, yupo chura aliyetangazwa na wataalamu mwaka 2010, Callulina shengena. Vyura wa jamii yake hutaga ardhini, na watoto hutoka vyura kamili bila ya kuwa viluwiluwi. Huyo naye haliwi, kwani Hadithi imemkusanya.

Wala haramu kuliwa si najisi kuguswa. Chura aliye hai ni twahara, na mtoto akimshika udhu wake haukutenguka. Kumpiga mawe kwa mchezo ndiko kunakokatazwa.

Na jirani Msabato akialikwa, apikiwe kitoweo chengine. Asilishwe papa kwa kufichwa.

Wallahu a'lam.