Tochi Ndogo ya Mwanga Mkali: Ipimeni Kwanza, Nunueni Baadaye



Hapa kwetu ikifika saa moja jioni giza limeshaingia, lakini kazi haiishi na jua. Wakati wa kiangazi akina mama huamka saa tisa usiku kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani, kabla foleni haijawa ndefu. Mzee akisikia fisi lazima atoke kuangalia zizi la mbuzi. Na sisi wa Malili tuna barabara kuu ya Mombasa, ambako malori hayalali na mtu anayevuka gizani haonekani. Kwa hivyo tochi si pambo, ni chombo cha kazi kama jembe.

Siku hizi sokoni kuna tochi fupi za LED zinazoingia mfukoni. Mwili wake ni wa chuma cheusi, na wauzaji huziita tochi za polisi au za askari. Muuzaji anakumulikia paa la mbali, nawe unashangaa. Boksi nalo linasema lumeni 10,000, ati inawaka saa 10. Je, tuamini?

Kosa ambalo nilishiriki

Kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea kilichanga shilingi 13,200 kununua tochi 22 za aina hiyo, kila moja shilingi 600. Waliniuliza maoni yangu. Nilimulika mara moja tu, tena mchana, nikasema ni nzuri. Usiku mmoja tulikuwa tukimsindikiza mama mjamzito kwenda hospitali. Tukiwa katikati ya mto mkavu tochi ikafifia, na ilikuwa imewaka kama dakika 40 tu. Tulimaliza safari kwa mwanga wa simu ya kijana wa bodaboda. Mama alijifungua salama, lakini baada ya miezi mitatu ni tochi 9 tu zilizokuwa zikifanya kazi. Pesa za kikundi zilikuwa zimekwenda. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi mshauri ndiye niliyesema gunia ni zuri.

Si wao peke yao. Ripoti ya mwaka 2009 ya watafiti waliohoji watumiaji wa tochi za LED hapa Kenya ilionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamepata matatizo na tochi zao ndani ya miezi michache tu.

Boksi linasema nini?

LED yenyewe ni kitu kizuri. Balbu ya zamani ilipoteza nguvu nyingi kwa joto. LED hutoa mwanga mwingi kwa nguvu kidogo. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha kupata LED ya mwanga mweupe. Shida haiko kwa LED, iko kwa maandishi.

Fikirieni betri kama mtungi wa maji wa lita 20. Ukifungulia kidogo, maji yatakaa. Ukifungulia yote, yataisha mara moja. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. LED ya kawaida hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati 1. Betri nzuri ya lithiamu ya aina inayotumika sana katika tochi hizi, iliyoandikwa 18650, inaweza kuwasha wati 1 kwa saa 9 hivi. Sasa tupige hesabu:

- Lumeni 100: karibu saa 9.
- Lumeni 1,000: chini ya saa moja.
- Lumeni 10,000: kama dakika 5, na tochi ingekuunguza mkono.

Basi lumeni 10,000 kwa saa 10 kutoka betri moja ndogo haiwezekani. Mtungi mmoja haujazi tangi.

Hata watengenezaji waaminifu wana namna yao ya kuhesabu. Katika kipimo kinachotumiwa sana, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu moja tu ya kumi ya ule wa mwanzo. Na umbali ni mpaka pale ambapo mwanga unakuwa kama wa mbalamwezi. Wakisema mita 200, hesabuni kwamba mtaona vizuri kama nusu yake.

Vipimo vya kufanya wenyewe

Msinunue 22. Nunueni moja, mdai risiti, muijaribu wiki mbili. Chagueni watu wawili wa kuandika matokeo katika daftari la kikundi.

1. Saa. Chajini betri mpaka ijae. Washeni saa mbili usiku, mmulike ukuta kutoka hatua tatu, na mtu mmoja ajaribu kusoma gazeti mahali panapomulikwa. Rudieni kila nusu saa. Wakati asipoweza kusoma tena, hizo ndizo saa zenu za kweli.

2. Betri. Ile ya 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Angalieni namba iliyo kando ya herufi mAh. Nyingi za kweli ziko kati ya 2,000 na 3,500. Mkiona 9,900, huo ni uongo. Ipimeni pia kwa mizani ndogo: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi sana, muiache.

3. Swichi. Bonyezeni mara 50. Ikikataa hata mara moja, itakataa pia siku ya nyoka.

4. Kuanguka. Iacheni ianguke kutoka kiunoni kwenye sakafu, mara sita. Tochi ya kazi itaanguka tu.

5. Maji. Alama ya IPX4 maana yake inavumilia kumwagiwa maji. IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Nyunyizeni maji kama ya mvua, kisha muifungue na kuangalia ndani.

6. Njia. Tembeeni nayo usiku kwenye njia yenu ya kisimani. Tochi nyingi za aina hii hutoa mwanga mwembamba unaofika mbali, lakini miguuni kukabaki giza. Kifutu hulala kimya njiani wala hakimbii ukikaribia, kwa hivyo mwanga wa miguuni ni muhimu kuliko wa juu ya mlima.

Tahadhari

Tochi hizi huwa na mwanga wa kupepesa haraka. Usimmulike dereva barabarani. Akipofuka macho kwa sekunde mbili tu lori lishakufikia. Ukivuka, mulika chini, kando ya miguu yako. Watoto wasimulikane machoni.

Betri ya lithiamu isitupwe motoni, isitobolewe, wala isichajiwe usiku juu ya godoro. Usiiweke mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Inaweza kushika moto. Ikivimba, acha kuitumia.

Mwisho, jiulizeni kama tochi ndiyo mnayoihitaji. Kwa mtoto anayesoma mezani, taa ndogo ya sola inayoeneza mwanga chumba kizima inafaa zaidi. Tochi ni ya njiani.

Kikundi nilichowaambia kilianza kuchanga upya. Safari hii walinunua tochi tatu za aina tatu, wakazipima, wakachagua ile iliyoandikwa lumeni 300 tu. Iliwaka saa tano usiku wa kwanza, na saa tano tena baada ya wiki mbili. Haikumshangaza mtu sokoni, lakini akina mama wanakwenda nayo mtoni na kurudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kitu gani tulichonunua pamoja bila kukipima? Tulipoteza pesa ngapi?
2. Usiku tunahitaji mwanga wapi zaidi: njiani, zizini au nyumbani?
3. Tutachaji wapi, na kwa gharama gani kwa mwezi?
4. Nani wawili watakaopima na kuandika?